Mkono Usitetemeke

Aberdeen, Uskoti
9 Agosti 1994

Baba Mdogo Anyelwisye,

Shikamoo. Mimi mzima. Salamu zimeishia hapo.

Jana jioni Elizabeth, msichana wa Karonga, Malawi, ninayesoma naye, alirudi kutoka mji mwingine alikokuwa tangu Aprili. Akaja moja kwa moja chumbani kwangu kunipa pole. Nikamwuliza, pole ya nini? Akadhani namtania. Mama yake alimwandikia kwamba mwezi wa tatu walivuka mpaka kwenda Bujonde kuzika, mvua ikiwanyeshea njia nzima, na aliyezikwa ni Reubeni, baba yake Tusajigwe.

Machi, Baba Mdogo. Leo ni Agosti. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na nimeambiwa na mtu wa nchi nyingine, mlangoni, ameshika mfuko wa mikate.

Barua yako ya Mei ninayo hapa mezani. Umeandika: "Baba yako hana maumivu tena, analala vizuri." Niliposoma maneno hayo nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaenda dukani nikamnunulia sweta la sufu, nikalituma. Limefika? Nani amelivaa?

Nataka kujua mambo mawili. Nani alizuia nisiambiwe, na kwa nini. Usinijibu kwa utani. Nakujua.

Tusajigwe


Bujonde, Kyela
2 Septemba 1994

Kwako Tusajigwe, binti wa marehemu kaka yangu,

Ugonile? Nakuuliza mimi, kwa kuwa wewe hukuniuliza. Barua yako imeingia humu ndani kama mgambo wa kodi, bila hodi na viatu vikiwa na matope. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisikiliza zaidi dirishani, lakini hata mimi najua mtu huanza kwa kuuliza Mama yako mdogo Hosiana ameamkaje. Ameamka vibaya, ndaga kwa kuuliza. Goti. Yeye anasema ni baridi ya alfajiri. Mimi namwambia goti hilo limepiga magoti kanisani miaka arobaini likiniombea mimi nibadilike, sasa limekata tamaa.

Mpunga tumevuna, ila Mto Mbaka ulikula majaruba mawili ya chini. Kakao ipo. Chama cha ushirika kimelala usingizi wa pono, na sasa wanakuja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani una dini yake. Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye miwani ya jua alinusa punje zangu akasema hazijachacha vizuri. Nikamwambia, bwana mdogo, mimi nilianza kuchachusha kakao wewe ukiwa bado unachacha tumboni mwa mama yako. Akaondoka bila kununua. Hosiana hakunisemesha siku mbili, nikapumzika.

Sasa jambo lako.

Ni kweli. Reubeni alifariki Ijumaa tarehe 11 Machi, saa tano asubuhi. Miguu ilianza kuvimba tangu Januari, halafu tumbo, halafu pumzi. Tulimpeleka hospitali mara mbili kwa machela, mara ya pili akasema mimi si gunia la mpunga, nirudisheni. Tukamrudisha. Tulimzika Jumamosi.

Umeuliza nani alizuia. Mimi. Andika hapo: Anyelwisye. Ukipenda tumia wino mwekundu. Umeuliza kwa nini. Hilo ni langu, nalikalia, na nina matako mapana.

Sweta limefika. Mtoto wewe, umezaliwa Kyela, ndizi zinaiva ukizitazama tu, halafu unamletea mtu sweta la sufu! Tena siku hizi masweta ya mitumba ya kafa-ulaya yamejaa mnadani mpaka watu wanafutia baiskeli. Nililijaribu mara moja. Likanibana kwapani, maana kaka yangu alikuwa mwembamba. Nikasikia joto, nikasikia na aibu, sikuweza kujua ipi ni ipi. Limo sandukuni.

Umenikasirisha, nami nina haki ya kukasirika kama wewe. Miaka mitatu kaka yangu ametangaza kwenye kila kilabu cha pombe na kila ibada ya jioni kwamba binti yake yuko Ulaya na dawa inayokamata chokaa ndani ya ua. Watu wananiuliza mimi: inatibu nini? Ninajikuna. Yeye mwenyewe amekufa anajikuna. Nieleze basi ni dawa gani hiyo ya thamani hata mtu akae nayo miaka mitatu wakati mzee wake anavimba. Nieleze kama unavyoeleza mtu mjinga, usinifiche. Nikielewa, nitafikiria kama na wewe unastahili kuelezwa.

Hosiana anakusalimu. Anasema usinijibu kwa hasira. Mimi nasema jibu kwa hasira.

Baba yako mdogo,
Anyelwisye


Aberdeen
24 Septemba 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Hosiana ampake goti mafuta ya moto na asiende mtoni, wewe ndiye uchote maji. Nimefurahi mpunga umevunwa. Kuhusu majaruba ya chini, Baba alikuambia mara ngapi usilime pale?

Naeleza, kama ulivyotaka.

Dawa hiyo haitibu kitu. Haitibu mtu wala ua. Ni chombo cha kuuliza swali. Unalijua ua la kakao, lile dogo linalotoka kwenye shina. Chavua ikitua juu yake, inatoa mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo unakua kwenda chini ndani ya ua kutafuta yai. Ukifika, tunda linashika. Mimi situmii kakao, natumia yungiyungi, lakini kazi ni ileile. Swali letu ni moja: ule mrija hauna macho, unajuaje pa kwenda?

Tunadhani anayeupa habari ni kalsiamu, hiyo unayoiita chokaa. Inaingia pale nchani, kidogo mno, na seli inaelewa: kua kwa upande huu. Lakini kudhani hakutoshi. Ukitaka kuthibitisha kwamba fulani ndiye mjumbe, unamkamata njiani halafu unatazama kama ujumbe utafika. Ndiyo kazi ya dawa hiyo. Inaitwa BAPTA. Ndani ya seli kuna magnesiamu nyingi mara elfu kumi kuliko kalsiamu, na vitu hivyo viwili vinafanana kama ndugu. Dawa hii inapita katikati ya magnesiamu yote bila kuigusa, inakamata kalsiamu tu. Kuna nyingine ya zamani, nayo inakamata, lakini inachelewa. Ikifika, mjumbe ameshasema. Hii yetu ni ya haraka. Naiingiza ndani ya mrija kwa sindano ya kioo ambayo ncha yake huioni kwa macho, kisha natazama kwa darubini.

Mrija unasimama. Uko hai, maji ndani yake yanazunguka, lakini haukui tena, kwa sababu haukuambiwa.

Umeelewa sasa? Nadhani umeelewa kuliko maprofesa wangu, maana ndivyo ulivyonifanyia. Ulikaa njiani ukamkamata mjumbe. Watu elfu kumi walipita mbele yako, wa Ipyana, wa Matema, mpaka wa Karonga, wote ukawaacha wapite na habari. Ukanikamatia mimi ya kwangu tu. Tofauti ni kwamba mimi nafanya kwa ua, na ninaandika kwenye daftari nimefanya saa ngapi na kwa nini. Wewe umefanya kwa mtu, halafu unakaa juu ya sababu na kujisifia matako.

Na ile "analala vizuri"! Ulicheka ulipokuwa unaiandika? Niambie kama ulicheka.

Tusajigwe


Bujonde
15 Oktoba 1994

Mwanangu Tusajigwe,

Ugonile fijo. Maji nachota mimi sasa, wanawake wa kisimani wananipigia vigelegele. Joto limeanza. Ziwa limetulia, usipa ni wengi sokoni Lyulilo, mpaka wenye vyungu vya kuuza wanalalamika hakuna anayetazama vyungu. Mwalimu Eliud ameng'oa meno mawili ya mbele, sasa akisoma Injili inapiga mluzi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa matusi, mara ya pili nikaelewa ua, mara ya tatu vyote. Kumbe ni mgono, mtego wa samaki! Ungesema tangu zamani. Mgono uliosukwa na fundi mwenye akili, unakamata mbasa peke yake, usipa wote wanapita. Kaka yangu angeelewa kwa neno hilo moja, akafa na raha. Miaka mitatu hukupata neno moja la kumpa, na una shule kutoka hapa mpaka Mbeya!

Sikucheka. Niliandika mstari ule nikaukata, nikauandika tena. Tafuta, utaona nilivyokata. Kila neno pale lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa uongo mbaya kuliko uongo wenyewe. Haya, umenipata hapo. Nipige.

Umeeleza vizuri, sindano, darubini, magnesiamu na nduguye. Ila kuna jambo moja kuhusu sindano umeliruka. Na mimi naliruka. Tumeruka wote wawili, tusishindane nani ameruka juu zaidi.

Nikwambie tulivyozika, kwa sababu ni haki yako na hujaniuliza. Kaburi lilichimbwa usiku wa Ijumaa, asubuhi likawa limejaa maji kama kisima. Mvua ya Machi unaijua. Vijana wakayatoa kwa ndoo, maji yakarudi. Wakayatoa tena. Mchungaji ameshika kitabu chini ya mwavuli, anaangalia saa. Nikamwambia, baba mchungaji, huyu marehemu alichelewa kila mahali maisha yake yote, mwache achelewe na hapa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikakaa chini kwenye matope na suti ya harusi. Wanawake wakalia. Wanaume wakacheza ngoma ya msiba kwenye tope, mpaka mchungaji akajifanya hatazami. Ilikuwa msiba mkubwa. Ni wewe tu uliyekosekana.

Na wote waliona umekosekana. Walipokaa wazee wa ukoo, Mzee Lazaro akaniuliza mbele ya watu: Anyelwisye, wewe ndiye mwenye kuandika barua za nyumba hii, mbona mtoto hakuitwa? Hata simu ya maandishi hukupiga? Sikumjibu. Akauliza tena. Nikatazama paa. Basi wakatoa hukumu yao: nisikalie kiti cha kaka yangu, nisitoe neno kwenye kikao chochote cha ukoo, mpaka mtoto arudi aseme lake. Sasa kwenye kiti cha Reubeni anakaa Patrick, mtoto wa binamu yetu, yule wa duka la vipuri, hata miguu haimfikii chini. Anaamua mambo ya mashamba na mimi nimekaa mlangoni na kuku. Mimi! Nimenyamaza miezi saba, nina maneno yaliyovunda tumboni.

Sasa sikiliza. Tumeweka siku ya kumaliza msiba, Jumamosi tarehe 14 Januari. Huwezi kukosa. Unajua ya kwetu: hasira ya ndugu haiachwi ilale tumboni, inaamkia watoto kwa homa. Aliyekasirika anasimama mbele ya watu wote, anasema yote mpaka la mwisho, bila kubakiza. Aliyekosa naye anasema yake. Halafu wote wanasukutua kwa maji, wanapuliza chini, imekwisha. Bila wewe kusema, msiba haufungwi. Kaburi litabaki udongo mtupu, na mvua ya Machi nyingine inakuja.

Njoo unitukane. Nimejiandaa. Lakini usiniulize tena kwa nini.

Halafu, hiyo seli ikishakamatiwa mjumbe wake, ndiyo inakufa hivyohivyo? Kuna mtu anataka kujua.

Baba yako mdogo wa mlangoni,
Anyelwisye


Aberdeen
5 Novemba 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Poleni na joto, huku giza linaingia saa kumi jioni. Nimepokea picha ya Mama Hosiana, amekonda.

Nilimwandikia Mwalimu Eliud kivyangu kumwuliza juu ya kikao kile. Amenijibu vilevile ulivyosema: umeulizwa mara mbili na umekataa kujitetea. Baba Mdogo, wewe unamjibu hata mbuzi akilia. Ulimjibu mkuu wa wilaya mbele ya watu juu ya choo chake. Leo unanyang'anywa kiti cha kaka yako, unatazama paa! Mtu wa namna yako hanyamazi hivihivi. Ananyamaza kwa sababu anachokificha ni kibaya sana. Nimekaa nimewaza mpaka nimefika mahali sitaki kufika. Labda Baba aliniita, nawe ukakataa kuandika. Labda ulikuwa na kinyongo naye kwa ng'ombe waliouzwa ili nisome. Hosiana aliwahi kunidokeza juu ya ng'ombe hao.

Profesa wangu amenipa kazi ya miaka miwili zaidi, natakiwa kutia saini kabla ya tarehe 15 Desemba. Nilikuwa nasita kwa ajili yenu. Sasa sioni kwa nini nisafiri siku nne nije kumwaga hasira yangu mbele ya ukoo mzima, halafu anayetakiwa kusema ya kwake anitazamie paa.

Nijibu swali moja tu, na usipolijibu siji, tarehe 14 wala tarehe nyingine. Baba aliomba niitwe? Ndiyo au hapana.

Tusajigwe


Bujonde
23 Novemba 1994

Tusajigwe,

Hatujambo. Leo hakuna habari za goti.

Sasa umenikasirisha kikweli, wala sitanii. Ng'ombe! Ng'ombe wale wanne walikuwa wawili wake na wawili wangu, na hao wangu nilimpa mwenyewe zizini, tukiwa tumelewa, tukicheka. Hosiana alilia kwa sababu mmoja alikuwa na maziwa. Basi. Umesoma mpaka umefika kwenye ng'ombe.

Ndiyo. Aliomba uitwe.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako mwenyewe, uliyomwandikia tarehe 16 Januari. Soma ukurasa wa pili, nitakunukulia usije ukasema macho yanauma. "Kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili ndiyo zamu yangu ya darubini, na sitapata nyingine. Sindano ile inataka mkono mtulivu kabisa, mkono ukitetemeka unavunja seli na kazi ya siku nzima inapotea. Kwa hiyo nawaomba sana, msiniandikie jambo lolote la kunishtua. Kama kuna habari mbaya, ishikeni mpaka nimalize."

Ishikeni. Nimeishika.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Reubeni alilala chali, hawezi kugeuka bila mimi. Akasema, mwandikie Tusa aje. Nikachukua karatasi. Halafu nikakumbuka, nikamsomea barua hii. Akasema, soma tena hapo pa sindano. Nikasoma. Akasema, basi, mkono usitetemeke. Nikaweka karatasi. Siku ya tatu akaomba tena uitwe, kama mtu ambaye hajawahi kuisikia barua hiyo. Nikamsomea tena. Akasema tena, basi. Ikawa hivyo mpaka mwisho, Tusajigwe, nimeisoma hiyo barua mara sita au saba, na kila mara alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Mara ya mwisho nilitaka kumdanganya kwamba nimekuita na uko njiani, uko kwenye treni. Sikuweza. Mimi, ninayedanganya hata mizani ya kakao.

Wazee waliponiuliza, ningesema nini? Ningetoa barua hii mbele ya Lazaro? Angeisoma kwa sauti ile yake ya mahubiri, na wewe ungekuwa mtoto aliyeandika hivyo, wewe na watoto wako, mpaka ziwa likauke. Paa lilikuwa bora. Hakuna aliyeisoma huku isipokuwa yeye na mimi. Sasa iko mikononi mwako, sina nakala, choma ukitaka.

Hiyo ni mpaka Aprili. Kuanzia Mei sina pa kujificha. Nilikaa kukuandikia nikuambie, siku hiyohiyo ikaja barua yako kwake. "Baba yangu mpendwa." Mimi sijawahi kuandikiwa barua maisha yangu yote ila na watu wa kodi. Nikaifungua. Umeeleza theluji, umeeleza samaki wa huko hawana miiba. Nikasema nitakuambia wiki ijayo, kwa kuwa nikikuambia leo hazitakuja tena. Ikaja nyingine. Ndipo nikaandika ule mstari wa analala vizuri. Sina sababu nyingine. Ni hiyo tu, na ni ya kipumbavu.

Sasa saini karatasi yako ya miaka miwili au usisaini. Nimechoka kukasirika.

Anyelwisye


Aberdeen
7 Desemba 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo Mama Hosiana. Bahasha yenu imefika leo asubuhi.

Sikuhitaji kusoma ukurasa wa pili. Tangu Elizabeth aliposimama mlangoni na kutamka neno Machi, nilijua nilichoandika Januari. Nimekugombeza miezi minne nikijua. Nilitaka uwe umefanya kwa roho mbaya, ili lisiwe langu. Ndiyo jambo la sindano nililoliruka.

Nimefungua daftari la maabara. Tarehe 11 Machi: mirija kumi na minne, kumi na mmoja imeishi baada ya sindano. Siku nyingine huishi mitatu au minne. Ni siku yangu bora ya mwaka, nimeichorea mstari chini, nimeandika pembeni "mkono mzuri leo." Nimekuwa nikitazama mwandiko huo tangu asubuhi, ni wa mtu mwenye furaha.

Uliuliza kama seli inakufa. Haifi. Nikiipa dawa kidogo, inasimama kama nusu saa, halafu mrija unaanza kukua tena, mara nyingi kwa upande mwingine, si ule wa mwanzo. Kwa nini upande ule, sijui. Hakuna anayejua bado. Ndiyo kazi ya miaka miwili niliyopewa, na nimetia saini. Inaanza Machi.

Kabla ya hapo nakuja. Nitafika Kyela Jumanne tarehe 10 Januari. Jumamosi nitasimama mbele ya ukoo na barua hii ya Januari mkononi, nitaisoma mwenyewe kwa sauti, na Mzee Lazaro akitaka kuihubiri aihubiri. Halafu utarudi kwenye kiti cha Baba, na Patrick aende dukani kwake.

Lakini usidhani nimekusamehe yote kwa sababu umeninyamazia. Tugawane sawasawa. Februari, Machi na Aprili ni zangu. Nitazisema mpaka la mwisho, sitabakiza. Mei, Juni na Julai ni zako. Uliziiba. Nilimwandikia Baba barua tano katika miezi hiyo, na zote ulizisoma wewe. Kuna mambo mle sikukusudia mtu mwingine ayajue, kuna moja nilimwomba ushauri nikangoja jibu. Nina hasira kwa hiyo kila nikiamka. Nitaileta nzima, sitaipunguza njiani. Jiandae kuisimamia, usitazame paa.

Mwanao,
Tusajigwe


Bujonde
19 Desemba 1994

Mwanangu,

Ugonile. Hosiana ameshaanza kuchambua mchele wako, na anamtazama jogoo wangu kwa jicho ambalo jogoo amelielewa. Mvua za kwanza zimenyesha, barabara ya Ipyana bado inapitika, ukichelewa utavuka kwa mtumbwi.

Patrick nimempa habari kwamba kiti kinataka mwenyewe. Ameniambia sina ruhusa ya kusema. Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana nakuambia chooni, hapa si kikao.

Huo mkataba wa Machi umenitia hasira mpya, lakini si ya Jumamosi. Tutaigombania Jumapili, watu wakitoka kanisani. Ile barua ya kumwomba ushauri nilijua ni ipi. Nilikaa nayo wiki mbili nikitafuta angesema nini, maana nilitaka kukujibu kama yeye. Sikupata. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, na bado sikukuandikia.

Kuhusu mgawo wako nimekubali, ila kwa rufaa moja. Toa siku nne za mwezi wa sita, kuanzia tarehe 8. Nilikuwa na malaria, sikuweza hata kudanganya. Zilizobaki zote ni zangu. Nitasimama, na usinipunguzie kwa sababu nina mvi. Nikiona unanionea huruma mbele ya Lazaro, naondoka.

Baba yako mdogo,
Anyelwisye